Modemu ya Juu ya Tangi

Kwa miaka mingi nimekanusha jambo moja mbele ya mume wangu, mbele ya jirani yangu, na wakati mmoja mbele ya kamati nzima ya arusi: kwamba nilikuwa naupenda mtandao mbovu. Sasa nakiri. Niliupenda. Niliutunza kama wengine wanavyotunza bustani ya maua, na huku Kitengela bustani ya maua si kazi ndogo.

Wakati mtaa wetu wote, hadi kule Noonkopir, ulikuwa umevutiwa waya wa faiba, sisi tulikuwa bado tunaishi na modemu. Ni kile kidude cheupe cha kuchomeka kwenye kompyuta. Nilikinunua nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu, na kiliendelea kufanya kazi hata baada ya tasnifu yenyewe kusahauliwa na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Ndani ya nyumba hakikushika chochote. Kwa hivyo nilikifunga kwa seng'enge kwenye mpini wa ufagio, nikausimamisha mpini huo kando ya tangi la maji juu ya paa, na hapo, katikati ya kamba za nguo, chini ya mwavuli wa kanisani, ndipo palipokuwa ofisi yangu. Nikitaka kutuma makala nilipanda ngazi. Upepo ukivuma kutoka upande wa viwanda vya saruji, nilishuka nikiwa na rangi moja na tangi.

Waya wa faiba wenyewe ulipita langoni kwangu. Ulining'inia hapo juu kama kamba ya nguo ya jirani, na kila baada ya muda alikuja kijana mwenye fulana ya kampuni kuniuliza kama nimeamua.

"Mathe, waya iko hapa kwa geti yako. Ni kuivuta tu iingie."

"Nitaongea na mzee kwanza."

"Mzee tumeongea na yeye. Alisema tuongee na wewe."

"Basi wacha nifikirie."

"Ulisema hivyo pia kabla mvua."

"Mvua gani?"

"Ile ingine."

Nilikuwa na sababu zangu, na kwa kuwa nimesoma, zilikuwa nyingi. Nilisema radi itafuata waya. Nilisema kasi huharibu fikra. Katika mkutano wa wakaazi niliwahi kusimama nikasema kwamba akili ya mwandishi inahitaji mahali pa kusubiri, na watu wakanitazama kwa huruma, wakidhani tumekosa pesa. Mmoja akanifuata nje akaniuliza kwa sauti ya chini kama wafanye mchango.

Mume wangu hakubishana nami. Yeye ni mtu wa kupenda mpira na amani, kwa mfuatano huo. Alianza tu, jioni za mechi, kutoka na ndoo ya maji kwenda kumwagilia ua wa kayaba uliotutenga na jirani. Niliona ni jambo zuri, mwanamume kupenda mimea uzeeni. Alisimama pale kwa muda mrefu, ndoo mkono mmoja, simu mkono mwingine, na mara kwa mara akauambia ua: "Toa huyo! Toa huyo kipa!"

Jirani yetu ni mama mmoja kutoka Garissa, mwenye duka la jumla karibu na barabara na biashara ya mbuzi inayomfikisha hadi soko la Kajiado. Siku moja aliniita langoni.

"Mama, mwambie mzee aingie ndani akae kwa kiti. Password ni ile ya duka, hata wateja wanaijua."

"Password ya nini?"

"Ya WiFi. Anasimama hapo kwa ua kuishika. Mimi sina shida na WiFi, shida yangu ni ua. Umeoza."

Nilienda kuangalia. Kayaba ni mti wa miiba ambao jua la Kitengela limeshindwa kuuua, na mbuzi pia. Mume wangu aliuua kwa maji, tena maji ya kununua, ya kuletwa na lori. Mizizi ilikuwa laini kama viazi vya jana.

Hata hapo sikukubali faiba. Niliuliza tu kama kuna mmea unaopenda maji zaidi.

Sababu ya kweli ilikuwa hii: mtandao mbovu ulikuwa umenipa ufundi. Mikutano ya siku hizi haikuulizi kama una gari au una homa. Unatumiwa kiungo, unabonyeza, unatokea. Mtu hawezi tena kusema yuko mbali. Lakini mwenye modemu iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio anaweza kuganda. Mwanzoni niliganda kwa kweli, kama kila mtu. Kisha siku moja, katika kamati ya arusi ya binamu yangu, mwenyekiti akasema, "Sasa tunahitaji mtu wa kusimamia chakula," na nikaona macho yao yote yakitafuta uso wangu. Mtandao, kwa usaliti, ulikuwa mzuri siku hiyo. Nikaganda mwenyewe.

Ni sanaa, na niruhusiwe kuieleza kwa kuwa sitaihitaji tena. Anayeanza huganda akiwa mzuri, mdomo umefungwa, kichwa kimeinuliwa kama picha ya kitambulisho. Hiyo inajulikana papo hapo. Mtandao haujawahi kumgandisha mtu akiwa mzuri. Unapaswa kuganda katikati ya neno, mdomo wazi upande, jicho moja limefunga na lingine linakwenda kufunga, kama mbuzi anayekaribia kupiga chafya. Unashikilia hapo. Unasikia watu wakisema, "Amepotea huyo, wacha tumpe mama watoto wa pale Gataka." Unahesabu pumzi chache, unakata, na unaandika kwenye kundi: "Network!!" Alama mbili za mshangao, si moja. Moja ni ya mtu asiyejali.

Kwa njia hiyo niliepuka chakula cha arusi, uhazini wa chama, na mhariri mmoja aliyetaka makala kuhusu nidhamu ya kazi.

Mtu mmoja tu sikumfanyia hivyo, naye ni mama yangu.

Mama anaishi ukingoni mwa mji wa Kajiado, kwa kaka yangu. Faiba ilimfikia yeye kabla yangu, jambo ambalo halikusomeka vizuri kwa mtu mwenye shahada mbili. Nguzo zilipita kando ya zizi, kaka akasema na kwetu pia, na ikawa mama, ambaye hajawahi kumiliki kalamu, ana picha safi kuliko kituo cha televisheni. Kwa upande wake aliniona kama mtu aliyezama mtoni.

Na mama alihitaji kuniona, kwa kuwa hanisikii. Masikio yalimwacha polepole, moja kisha jingine. Aliletewa mashine ya kusikia, akaivaa asubuhi moja, akasema inamletea kuku wakitafuna, akairudisha kwenye kopo lake pamoja na vifungo. Tangu hapo anasoma midomo. Shida ni kwamba watu wote wakiambiwa mtu hasikii, hupaza sauti, na mtu akipaza sauti mdomo wake hupinda. Kaka yangu anapiga kelele. Mchungaji wa kanisa anapiga kelele. Mke wa kaka yangu, ambaye kwa Kiswahili ni wifi yangu, na utani huo tumeshaufanya katika familia hadi ukachakaa, naye anapiga kelele, ingawa kwa upendo. Mimi peke yangu, kwa sababu ya miaka ya kuzungumza na wanafunzi waliokuwa wamelala, nilizoea kusema taratibu na kwa mdomo wote. Kwa hivyo mama alikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, na mtu huyo alikuwa juu ya paa Kitengela, amefungwa kwenye ufagio.

Lazima pia nieleze jinsi watu wa kwetu wanavyopeana habari. Kimaasai hatudakii mazungumzo. Mnasalimiana kwanza. "Takwenya," anasema mkubwa. "Iko," anaitika mwanamke mdogo. Kisha mmoja anatoa habari zake zote, tangu mlipoachana: mvua, nyasi, nani aliugua, ng'ombe gani alizaa, nani alikuja akaenda. Hakuna kumkatiza. Kila anapofika mwisho wa jambo, ananyamaza kidogo, na wewe unasema "Ee." Hiyo "ee" si kukubali, ni kumwambia njia iko wazi, apite. Akimaliza, anasema hiyo ndiyo habari yangu, unasema "ee" ya mwisho, na wewe unaanza zako. Usipoitika, msemaji hawezi kuendelea. Maana yake humsadiki, au umekufa.

Mama alikuwa akiisoma "ee" yangu mdomoni. Picha ikiganda, "ee" haikuonekana, na mama, kwa heshima, aliirudia habari kutoka mwanzo. Kulikuwa na ndama mmoja aliyezaliwa mara nne katika jioni moja, na kila mara mama yake alipata taabu ile ile.

"Kwa nini huweki ile waya?" aliniuliza mama wakati ndama alipokwisha kuzaliwa kabisa. Tunazungumza Kimaa, mimi na yeye. Hapa nampa Kiswahili, na angeona anastahili bora zaidi.

"Naifikiria, Yeyo."

"Unafikiria nini? Ni waya."

"Ina mambo mengi."

Akanitazama. "Ulikuwa hivyo hata kwa kusukasuka maziwa. Unauangalia mtungi mpaka yanaganda."

Kisha jioni moja, mtandao ulikuwa safi. Sijui ni upepo au ni laana. Mama alinitolea habari zote bila kurudia hata moja. Alikuwa amevaa shanga zake za jioni, amekaa wima mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, na alikuwa na furaha kama mtu aliyekula akashiba. Akamaliza. Nikasema "ee" yangu ya mwisho, na badala ya kungoja habari zangu, akauliza:

"Utakuja lini?"

Kitengela na Kajiado si mbali. Watu huenda asubuhi wakarudi na nyama mchana. Nilikuwa nimesema "wiki ijayo" tangu mvua, na sio ile ya mwisho, ile ingine. Sikuwa na sababu yoyote. Hakuna kesi, hakuna kinyongo, hakuna ugonjwa. Mimi ni mtu wa kuahirisha tu, na nimeifanya kazi hiyo kwa bidii.

Nikaganda.

Niliganda vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma. Mdomo upande, jicho nusu, mkono mmoja hewani. Nilimwona mama akinitazama. Alisogea karibu na simu mpaka uso wake ukajaa kioo changu chote. Akatazama mdomo wangu, mahali alipozoea kunisoma. Kisha macho yake yakahama, yakapanda juu ya bega langu, yakabaki huko. Nikashikilia. Nikakata. Nikaandika: "Network!!"

Nilipogeuka ndipo nilipoona. Nyuma yangu, kwenye kamba, kaptula ya mume wangu, ile ya njano, ilikuwa ikipigwa na upepo wa Kitengela, inarusha mguu huku, inarusha mguu kule, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Ujumbe wa mke wa kaka yangu ulifika kabla sijashuka ngazi. "Mama anauliza kama huko kwenu mtu akiganda nguo zinaendelea. Amesema tusijali, ulikufa vizuri."

Jioni iliyofuata mama hakupiga. Wala ile iliyofuata. Nilipiga mimi, picha ilifunguka, nikaona chupa ya chai, na nyuma yake ukuta. Wifi yangu akatokea, akasema kwa kelele, kwa mazoea, ingawa mimi nasikia: "AMESEMA YUKO BUSY! AMESEMA NETWORK!"

"Ametumia neno hilo?"

"AMESEMA NIKWAMBIE NA VIDOLE VIWILI." Akanionyesha vidole viwili vilivyosimama kama alama za mshangao.

Nilianza kumwona mama bila kumwona. Nilijua saa hizi amekaa na habari zake zote, ng'ombe, mvua, mgonjwa wa kanisani, na hakuna wa kumwambia "ee". Watu wanne ndani ya nyumba ile, na wote wanapiga kelele. Nilikaa juu ya paa nikiangalia ile taa ndogo ya kijani ya modemu ikiwaka na kuzima, na nikagundua kwamba nilikuwa nimemnyang'anya mama msikilizaji wake wa mwisho ili nisitoe jibu la neno moja.

Ungedhani hapo ningemwita kijana wa fulana. Nilimwita. Alikuja mbio, na ngazi yake, na furaha ya mtu ambaye hatimaye shamba lake limeota. Nikamwambia naomba anieleze kwanza tofauti ya kasi moja na nyingine.

"Mathe," akasema, akiketi juu ya ngazi yake. "Unataka kuongea na mtu, ama unataka kurusha roketi?"

"Kuongea na mtu."

"Basi ile ndogo inatosha."

"Na nikitaka baadaye kuongeza?"

"Unaongeza."

"Na nisipoipenda?"

Akabeba ngazi yake, akaenda zake bila kinyongo. Ni watu wenye moyo, vijana hawa.

Jirani alikuwa ameyaona yote kupitia pengo lililoachwa na ua.

"Wewe unaogopa nini na hiyo waya, mama?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu hakukuwa tena na ua wa kunificha. Nilimwambia habari ya kuganda, nikamwonyesha hata uso wenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Walahi, mimi mama yangu yuko mahali network ni ya kupanda kilima. Akipanda, anachoka, anasema salamu aleikum, tunalia kidogo, anateremka. Wako yuko hapa tu Kajiado, amevaa shanga, anakungoja. Na wewe unajifanya picha." Akaokota kijiti kutoka kwenye kayaba iliyooza, akakitupa upande wangu. "Kesho kutwa naenda soko huko. Nimsalimie?"

"Hasikii."

"Mbuzi pia hawasikii Kisomali. Tunaelewana."

Akaenda sokoni, akarudi, hakuniambia neno. Alinipungia mkono tu kutoka mlangoni, na nilidhani alikuwa ameghairi kumtembelea.

Simu ililia siku iliyofuata, nikiwa nimetoa nguo kambani. Haikuwa ya picha. Ilikuwa simu ya kawaida, ya sauti, kutoka kwa mama, ambaye hakuwa amepiga simu ya sauti tangu masikio yalipokufa, kwa maana ingemfaa nini? Nilijua ni mtu mwingine ameshika simu yake kuniletea habari ya msiba. Nikapokea na kaptula ya njano bado iko begani.

"Takwenya," ilisema sauti ya mama.

"Iko! Yeyo, kuna nini?"

Akanyamaza kiasi cha kuitikiwa. "Nimekuhesabia umeitika," akasema. "Sikusikii. Nasikia kitu kama nyuki ndani ya kibuyu. Usijisumbue kusema. Mke wa kaka yako ameenda mtoni na nguo, kwa hivyo nimeibonyeza picha yako mwenyewe. Leo huwezi kuganda. Mtu asiyeonekana hagandi."

Akanyamaza. Nikagundua ananingoja.

"Ee," nikasema.

"Mvua haijafika huku. Imepita upande wa milima, ikatuangalia tu."

"Ee."

"Yule ndama wako wa kuzaliwa mara nne anakula nyasi sasa."

"Ee."

"Jirani yako alikuja. Tulikunywa chai. Ni mwanamke mzuri, mdomo wake unasomeka. Amenieleza jinsi mume wako alivyoua ua kwa maji."

"Ee," nikasema, nikiangalia ule upande wa ua.

"Unakumbuka tulikutengea mbuzi ulipomaliza chuo, akazaa, na huyo akazaa. Yule mwekundu ndiye aliyebaki katika kizazi chako. Nimemuuzia jirani yako, na pesa yake ndiyo ya waya wako. Kijana aliyetuwekea waya sisi huku anashuka Kitengela Alhamisi, na nimemtuma kwako. Nimemwambia asiulize nyumba kwa mtu yeyote. Nimemwambia aangalie juu, mahali ufagio umesimama kando ya tangi."

Safari hii nilisahau kuitika. Akangoja, akaendelea bila mimi.

"Mimi sikulazimishi. Wewe ni mtu mzima, umesoma. Kama huitaki hiyo waya, sema sasa."

Nikasema. Nilisema mengi sana. Nilisema habari ya radi, na kasi ndogo na kasi kubwa, na kwamba yule mbuzi alikuwa wangu na mama angeniuliza kwanza, na kwamba ningempigia kijana wa hapa, nilikuwa karibu kabisa kumpigia, na katikati ya hayo yote nilisema naomba msamaha, Yeyo, sikuwa nimeganda. Nilisema kwa mdomo wote, taratibu, kama alivyozoea. Kaptula ilianguka.

Mama alinipa muda wote niliouhitaji. Alisikiliza nyuki wake mpaka wakatulia.

"Haya," akasema. "Naona umekubali. Na Alhamisi nitakapokuuliza utakuja lini, utanijibu kwa mdomo unaotembea. Hiyo ndiyo habari yangu."

Akangoja kiasi cha "ee" moja. Nikaisema. Akakata.